Mtu Mzima Kulala Kwenye Nyasi

Nilirudi Boito nikiwa na begi moja, na nilikuwa nimemwambia mwenye nyumba wangu kule Lodwar asimpe mtu chumba changu. Nilidhani nitakaa mpaka dada yangu aweze kushika kikombe mwenyewe, halafu nitashika njia. Hivyo ndivyo nilivyoishi tangu nilipomaliza kidato cha nne. Nimepika katika kambi za wajenzi wa barabara, nimeuza viazi Londiani, nimechora mabango ya maduka Chepseon na katika miji mingine ambayo siwezi tena kukumbuka upi ulitangulia upi. Nikiwa kwenye joto nilitamani ukungu wa Boito, ule unaopanda asubuhi kutoka bondeni na kutulia juu ya majani chai. Nikiwa Boito, wiki haikuisha kabla sijaanza kukumbuka vumbi.

Safari hii nilimkuta dada yangu barazani, amekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mto. Kiharusi kilikuwa kimempata jikoni, mwiko ukamtoka mkononi, na jirani aliyekuja kuomba moto ndiye aliyemkuta sakafuni. Alikuwa amelazwa hospitali, akatolewa, na binti yake aliyekuwa amekuja kutoka Nairobi kumwuguza alikuwa amerudi kazini. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka. Mkono wa upande huo ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kidogo.

"Umekonda," aliniambia. Maneno yalitoka polepole, moja moja. "Kwani huko mnakula mchanga?"

Nikajua hajaenda mbali.

Ni dada yangu mkubwa, mkubwa kiasi kwamba alinibeba mgongoni akiwa tayari anachuna chai ya baba. Alipoolewa alipewa shamba dogo linaloteremka kutoka nyumbani hadi kijitoni, na mume wake alipofariki aliendelea nalo peke yake. Kutoka pale barazani analiona lote. Siku ile ya kwanza hakuniuliza habari za safari, wala hakulalamika kuhusu mguu. Alinyoosha kidevu kuelekea kwenye mistari ya chai.

"Daktari alisema nitaishi," alisema. "Nikamuuliza, nitachuna chai yangu? Akaniambia nishukuru Mungu."

"Si ni kweli?"

"Nashukuru. Lakini sikuuliza hilo."

Chai yake haikuwa imeachwa. Kokwet, yaani majirani wa mteremko mmoja ambao kwetu huishi kama watu wa nyumba moja, walikuwa wamegawana kazi zake bila mkutano wowote. Mmoja alileta maziwa, mwingine alifua nguo, na yule jirani aliyemkuta jikoni, ambaye mumewe ni binamu ya marehemu shemeji yangu, alichuna chai na kuipeleka kupimwa kwa jina la dada. Huyo huyo ndiye aliyekuja kila jioni kumlisha. Alikata tonge la ugali, akalichovya kwenye mboga, akalipeleka mdomoni mwa dada yangu kana kwamba dada hana mkono wa kushoto. Dada alikuwa nao, na mzima kabisa.

"Acha ajilishe," nilisema jioni moja.

Jirani alinitazama kwa huruma. "Shemeji, wewe umekaa sana kwa watu. Hapa mgonjwa wetu hafanyi kazi."

Dada alitafuna, akameza. Kukataa tonge la mtu aliyekuokoa ni jambo gumu.

Kule hospitali tulikokwenda kupima presha kulikuwa na mwanamke kijana wa tiba ya viungo. Wazazi wake walikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi katika kiwanda cha chai, yeye akazaliwa na kukulia katika nyumba za wafanyakazi, kwa hiyo alimsalimia dada yangu kwa Kikipsigis na kumkosoa kwa Kiswahili. Alimwinua mkono, akalisukuma bega, akamwambia asimame, akamtazama akisimama.

"Mama, mkono wako si shida ya kwanza," alisema. "Mkono unashikwa na bega, bega linashikwa na mgongo, na mgongo unashikwa na tumbo. Wewe tumbo lako limelala."

"Tumbo langu linakula vizuri."

"Kula ni kula. Mimi nataka lifanye kazi."

Alitueleza kwamba Jumamosi huwa anafundisha mazoezi ya Pilates katika ukumbi wa kanisa, kwa watu waliopata kiharusi, wanaotetemeka, au walioumia uti wa mgongo. Nilikuwa nimewahi kusikia neno hilo kutoka kwa mhandisi mmoja wa kambini, mzungu, aliyekuwa akijinyoosha asubuhi nje ya hema lake huku sisi tukikaanga mayai na kumcheka. Nilidhani ni mambo ya watu wenye nafasi. Yule daktari wa mazoezi, kama tulivyozoea kumwita ingawa alituambia yeye si daktari, alisema ni kazi ya polepole: kupumua, kukaza misuli ya ndani ya tumbo, kuujua mgongo wako uko wapi, kisha kusogeza kiungo kimoja kwa makini. Hakuahidi miujiza. Dawa za presha ziendelee, alisema, na mazoezi ya hospitali yaendelee. Haya ni ya kuongezea.

"Ubongo wako umepoteza njia moja," alimwambia dada. "Tutapita pembeni, pale pale kila siku, mpaka nyasi zilale na njia nyingine ionekane."

Hilo dada yangu alilielewa. Mteremko wetu wote ni vijia vya namna hiyo.

Jumamosi tulikodi gari la probox, tukafika ukumbini. Mikeka ilikuwa imetandikwa sakafuni, viti vimepangwa ukutani. Kulikuwa na watu wachache, na mmoja wao alikuwa mzee mstaafu wa kiwandani, mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mikono yake ikitetemeka kwa ule ugonjwa wa Parkinson. Alijitambulisha mwenyewe.

"Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kuchekecha chai," alimwambia dada. "Wao walizima mashine. Mimi bado nachekecha."

Dada alicheka. Kisha akaambiwa alale chali kwenye mkeka, na kicheko kikaisha.

"Mimi? Hapa chini?"

"Hapa chini, mama. Mwanzo wake ni hapo. Sakafu inakushika, huogopi kuanguka."

"Mbele ya wanaume?" Aliniangalia kama mimi ndiye niliyepanga. "Mtu mzima analala chini akiwa amelewa au amekufa. Mimi sijalewa."

"Na kufa?" mzee aliuliza.

"Bado nafikiria."

Daktari wa mazoezi hakubishana. Alikwenda kwenye chumba cha nyuma, akarudi na majoho ya kwaya, akayatundika juu ya mabenchi mawili mpaka yakawa ukuta mwekundu kati ya dada na wengine. Halafu akanielekezea mkeka wa kando. "Na wewe mjomba, lala. Asione amelala peke yake."

Nililala. Nilidhani ni kazi ya kitoto kukunja magoti, kutoa pumzi, kuvuta kitovu ndani na kuinua kiuno kutoka sakafuni, mfupa mmoja wa mgongo baada ya mwingine. Mgongo wangu umekaa juu ya magunia na mbao za malori miaka mingi. Uliinuka wote kwa pamoja, kama ubao, ukarudi chini kwa kishindo. Nyuma ya majoho nilisikia dada yangu akicheka mpaka akakohoa.

"Nani ni mgonjwa hapa?" aliuliza.

Na yeye akainua kiuno chake; nilimwona kwenye mwanya wa majoho. Kidogo tu, upande wa kushoto ukitangulia, wa kulia ukifuata kwa kuchelewa. Daktari wa mazoezi alikuwa amepiga magoti, kiganja chini ya kiuno chake, anasubiri. "Usikimbie. Toa pumzi. Ungoje ule mwingine ufike." Nilimwona dada akifumba macho, akiusubiri upande wake wa kulia jinsi mtu anavyomsubiri mtoto mzito kuamka.

Tukawa watu wa Jumamosi. Vijana wa bodaboda pale stendi walitupachika jina. "Mnaenda kanisa la kulala?" walipiga kelele. "Mtuombee usingizi!" Dada aliwajibu kwa mkono wa kushoto, ishara ambayo sitaiandika.

Lakini Jumamosi moja haitoshi, tuliambiwa. Ilibidi mazoezi yafanyike nyumbani kila siku. Ndani ya nyumba sakafu ni baridi na nafasi ni ndogo, kwa hiyo asubuhi moja ya jua nilitandika magunia na blanketi kuukuu kwenye nyasi mbele ya baraza. Dada alilala, magoti juu. Mimi nilikaa kando, nikimhesabia pumzi.

Jirani alikuwa akipita kwenye kijia na mkebe wa maziwa. Kutoka pale juu alichoona ni dada yangu chini, na mimi nimekaa tu.

Sijawahi kusikia ukelele kama ule. Mkebe ulianguka. Kabla sijasimama, watu walikuwa wanatokea kwenye chai kila upande, wanawake na eproni zao za plastiki, mwanamume mmoja na panga alilosahau kuliweka chini. Jirani alifika wa kwanza, akamshika dada kwapani. Mwingine alishika miguu. Dada alikuwa anajaribu kusema, lakini alikuwa ameanza kucheka, na akicheka mdomo wake hupinda zaidi.

"Umemrudia!" mtu alisema. "Tazameni mdomo!"

Mwingine alianza kuomba kwa sauti. Walimbeba hadi kitini, wakamfunika blanketi lile lile na nyasi zake, na mimi nikasimama pale nikisema, "Ni mazoezi, ni mazoezi," na hakuna aliyenisikia mpaka sala ilipofika amina.

"Mazoezi gani ya kulaza mama wa watu kwenye umande?" jirani aliuliza. "Shemeji, hayo ni ya jeshi."

"Ni ya tumbo," dada alisema, akifuta machozi ya kicheko.

"Tumbo lina nini?"

"Limelala."

Walitazamana. Niliona kwamba kuanzia siku hiyo nitahesabiwa kama mtu aliyerudi kumtesa dada yake. Kwa hiyo nilitafuta kipande cha mbao na rangi iliyobaki ya mlango, nikafanya kazi niliyoizoea. Niliandika kwa herufi kubwa, nikatundika langoni upande wa kijia: MAZOEZI. HAJAANGUKA. Watu walisimama kusoma. Wengine walisimama pia kuangalia, na kwa muda dada yangu alikuwa na watazamaji wengi kuliko mechi ya shule.

Msimu ulisogea hivyo. Mvua ilikuja kila mchana, mara nyingine na mawe yaliyopiga mabati mpaka tukawa hatusikilizani. Asubuhi tulifanya kazi yetu. Alijifunza kugeuka upande bila kuvutwa. Alijifunza kukaa kwenye stuli isiyo na mgongo, akijirefusha kana kwamba mtu anavuta uzi kutoka utosini. Tulichukua ule ufito mrefu ambao wachunaji huulaza juu ya chai ili waone majani yaliyopita usawa, akaushika kwa mikono yote miwili, mkono mzima ukiufundisha ule mwingine: juu, chini, kulia, kushoto. Kulikuwa na siku mbaya. Kulikuwa na siku ambazo mguu ulikataa, akalia kwa hasira, akanifukuza, nikaenda kukaa kijitoni na kufikiria Lodwar. Nikirudi nilimkuta ameshaanza peke yake, anapumua kwa nguvu kama mtu anayepuliza moto.

Siku moja nilimpigia simu mwenye nyumba wangu, nikamwambia anaweza kukipangisha kile chumba. Sikumwambia dada. Nilijishangaa jinsi nilivyolala vizuri.

Daktari wa mazoezi alikuja Boito mwenyewe Jumapili moja baada ya ibada, kuona kazi ambayo dada alikuwa anaizungumzia kila mara. Alikulia kando ya chai lakini hajawahi kuichuna. Jirani alimfunga kikapu mgongoni, naye mgeni akaingia mstarini, akavuta majani mawili na ncha yake kwa mkono mmoja, akayaangalia, akageuka mzima mzima kuyatia kikapuni. Wanawake walianguka kwa kicheko.

"Hivyo utamaliza Krismasi, msichana wangu," dada alimwambia. "Mikono yote. Na usigeuke, rusha nyuma ya bega."

Alijaribu tena. Kisha akasimama, akaanza kujisemea kwa sauti: uzito kwenye miguu, kiuno kimetulia, mgongo unazunguka kidogo, mkono unapita juu ya bega. Alimwita dada, akamsimamisha kati ya mistari miwili. Majani chai yalimfika kiunoni pande zote.

"Hapa ndipo mahali pazuri pa kujifunza kusimama," alisema. "Ukiyumba, chai inakushika."

Dada yangu alisimama pale bila kiti, bila mimi. Kikapu kitupu kilikuwa mgongoni. Chai ilikuwa imechunwa siku chache zilizopita, hakukuwa na cha kuvuna, lakini alipitisha mikono juu yake kama mtu anayelainisha kitambaa cha meza. Mkono wa kulia ulikwenda polepole, ukafika.

"Ikiiva tena," alisema, "nitaichuna."

Ilikuwa iive wiki iliyofuata, Jumanne. Alijiandaa kwa siku hiyo kama watu wanavyojiandaa kwa harusi. Alinituma kutafuta eproni yake, akaniambia niishone mahali ilipochanika. Na mimi, kwa furaha, nilipokutana na jirani kisimani nilimwambia, "Jumanne tunachuna chai yetu."

"Jumanne," alirudia. Akatikisa kichwa kwa furaha pia.

Jumatatu ilikuwa siku ya kupima presha. Tuliondoka mapema, tukarudi mchana kabla ya mvua. Kutoka barabarani niliona kitu kwenye mteremko lakini sikukielewa mara moja. Chai yote ya dada yangu ilikuwa imesawazishwa. Safi, kijani kilichoiva, hakuna ncha hata moja iliyosimama. Kokwet nzima ilikuwa imekaa barazani kwetu, mikono ina utomvu mweusi, sufuria kubwa ya chai ya maziwa mekoni. Walipotuona walianza kuimba.

Dada alishuka kwenye gari. Aliangalia shamba, kisha akaangalia watu wake. Aliwashukuru, mmoja mmoja, kwa mkono. Alikunywa chai yao. Walipoondoka, furaha yao ikisikika mpaka chini kijitoni, ndipo akaniuliza.

"Ulimwambia siku?"

"Nilimwambia tu. Kama habari."

"Ulisema Jumanne?"

"Ndiyo."

Alifumba macho. "Basi ulimwita, weri, mvulana wewe. Ulimwita na watu wote wakaja. Tena wakaja siku moja mapema, ili nisihangaike."

Hapo nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nakijua nikiwa mvulana. Kwetu mtu haombi msaada. Kuomba ni aibu. Anachofanya ni kutaja siku: Alhamisi navuna mahindi, Jumatatu naezeka jiko. Anataja kama habari, na aliyesikia anajua, na siku ikifika mwenye kazi anakuta mikono imejaa uani. Mimi nilikuwa nimekaa miaka mingi kati ya watu ambao ukitaja siku wanakwambia kazi njema.

"Nitamweleza," nilisema.

"Utamwelezaje? Utamwambia, asante kwa kazi, usifanye tena?" Aliangalia lile shamba zuri lililokuwa kama limenyolewa. "Hakuna maneno ya hilo. Watu wanakupenda hivi, utasema nini? Nitakaa kwenye hiki kiti wanipende mpaka nife."

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Asubuhi, niliporudi kutoka kisimani, kiti kilikuwa kitupu. Nilimwona tayari kwenye kijia, fimbo mkono wa kushoto, anapanda kuelekea kwa jirani. Kuna mteremko pale, na mizizi. Nilitaka kukimbia, nikajizuia, nikamfuata kwa mbali. Alisimama mara nyingi. Kila aliposimama niliona mgongo wake ukirefuka, akitoa pumzi, kisha mguu wa kulia ukitoka.

Jirani alikuwa uani anapeta maharagwe. Aliposimama, ungo ulimwagika.

"Dada! Nani amekuacha upande peke yako? Shemeji yuko wapi?"

"Yuko pale nyuma anajificha. Mwache. Mimi nimekuja kugombana na wewe."

"Kugombana? Keti kwanza."

"Sikai. Nikikaa utaniletea uji." Alijiegemeza kwenye mlango wa jiko. "Wewe ulinichunia chai."

"Ndiyo nilikuchunia. Ningekuacha?"

"Ulinichunia chai niliyokuwa naingojea msimu mzima. Ninalala kwenye nyasi kama mlevi kila asubuhi, watu wanasoma bango langoni kwangu wanacheka, kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya ile chai. Halafu unakuja na watu wako na mnamaliza hata mstari mmoja hamniachii."

Jirani aliinama, akaanza kuokota maharagwe, kisha akayaacha.

"Mimi nilikukuta jikoni," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wewe hukumbuki. Mimi nakumbuka. Ukuni ulikuwa umetoka mekoni umekaribia nguo yako. Siku hiyo nilimwambia Mungu, huyu akipona hatashika kitu tena, nitashika mimi. Sasa unataka nimwambie Mungu nini?"

Nilisimama kwenye ua wa miti bila kujua niende mbele au nirudi. Dada aliachia mlango, akasimama kwa fimbo yake.

"Mwambie nimekataa," alisema mwishowe. "Mwambie nina kichwa kigumu, ananijua."

Jirani alicheka huku anafuta pua kwa kanga. "Anakujua kweli."

"Ikiiva tena njoo. Njoo, nataka uje. Simama mstari wa pili, chuna yako kama unataka. Lakini wangu usiguse."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka nitakuita. Si uko pale pale?"

Akakubali. Halafu akamletea uji, na dada yangu akakaa, akaunywa kwa mikono miwili.

Chai iliiva. Hakuna aliyetaja siku kwa mtu. Tuliingia shambani ukungu ukiwa bado chini, dada mstari wa kwanza, jirani wa pili, mimi nyuma yao nikichuna vibaya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na haraka ya zamani. Wa kulia ulivuta jani, ukasita, ukakosa bega, ukamwaga chini. Aliutazama, akatoa pumzi, akaanza upya kutoka miguuni. Mara moja aliyumba, na jirani akanyoosha mikono, kisha akairudisha mwenyewe na kuifunga nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa sukari. Chai ilimshika. Akaendelea. Hakumaliza hata mstari mmoja. Kikapu chake kilikuwa na majani kufika nusu, na alikataa nikibebe.

Kwenye senta ya kununulia chai kulikuwa na foleni. Watu walimwona akishuka, na minong'ono ikaanza, na wengine wakasogea ili apite mbele. Alikataa kupita mbele. Alisimama kwenye nafasi yake hadi akaifikia meza, akamwaga majani yake. Karani, kijana aliyeletwa pale mwaka huo na ambaye hakumjua, aliyapekua kwa vidole. Akainua bua moja, akalivunja. Lilikuwa gumu. Akainua lingine.

"Mama, haya siwezi kupima. Umechuna na magumu. Chambua."

Vidole vya mkono wa kulia wa dada vilikuwa bado havijui vizuri kilicho laini na kisicho laini. Mimi nilijua hivyo, jirani alijua, na nafikiri kila mtu kwenye foleni alikisia.

"Karani, wewe huoni?" jirani alisema. "Huyu mama alikuwa mgonjwa. Pima tu."

"Mimi naona majani," karani alisema.

"Yuko sawa," dada alisema haraka. Niligeuka kumwangalia. Uso wake ulikuwa umefunguka wote, upande ulioshuka na ule mwingine. "Kijana yuko sawa. Magumu ni magumu. Nipeni nafasi hapa."

Akatandaza majani mezani, akaanza kuchambua. Jirani alisogeza mkono, akaurudisha. Mkono wa kushoto wa dada ulitenga, wa kulia ulisukuma yaliyokataliwa pembeni, na kila bua gumu alilolikuta alilivunja kwanza kwa kidole gumba cha kulia, akilisikiliza. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya mlima.

"Dada, harakisha, mvua hiyo!" mtu aliita kutoka nyuma.

"Wengine tumetoka mbali!"

"Kama umetoka mbali pumzika," dada alijibu bila kuinua kichwa. "Nani alikwambia uchelewe kuamka?"

Watu walicheka, na mtu mwingine akamjibu kwa maneno makali zaidi, jinsi wanavyojibizana pale kila siku ya chai. Karani alipima kilichobaki, akamwambia wiki ijayo aangalie vizuri, akaita anayefuata. Aliyefuata alikuwa mama mnene mwenye vikapu viwili na haraka nyingi, na alimsukuma dada yangu kwa kiuno ili afikie mizani. Dada, mikono yake ikiwa imeshika kikapu na hakuna kingine cha kushika, alisimama imara, akamsukuma pia.